Ugawaji wa Kompyuta katika Shule za Umma Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi, wajumbe wa kamati na bodi za shule, walimu, na yeyote anayetaka kuelewa kwa nini shule moja ya umma ina chumba kizima cha kompyuta ilhali jirani yake haina hata moja. Yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar elimu ya msingi na sekondari ina wizara yake na utaratibu wake.

Ni nani hasa anayeamua shule ipi ipate kompyuta?

Hakuna mlango mmoja. Shule za msingi na sekondari za umma husimamiwa na TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali inayohusika na tawala za mikoa na serikali za mitaa, kupitia halmashauri, wakati Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia hushughulikia sera, mitaala na uthibiti ubora. Kompyuta zinaweza kuja kupitia kwa yeyote kati ya hao wawili, na pia kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, mapato ya ndani ya halmashauri, Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, miradi mikubwa inayogharimiwa kwa mikopo, pamoja na benki, kampuni za simu, mashirika ya dini na wanafunzi waliowahi kusoma shuleni hapo. Miongoni mwa miradi hiyo mikubwa ni SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola za Marekani milioni 500 mwaka 2020 na ambao una sehemu inayohusu matumizi ya TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, katika ufundishaji.

Kila mlango una orodha yake. Ndiyo maana si ajabu kuona shule iliyo kando ya barabara kuu ikipokea kompyuta kutoka kwa mbunge, kisha kutoka benki, kisha kutoka kwenye mfuko wa serikali, na shule iliyo kilomita arobaini ndani isipokee chochote. Hapo huenda hakuna aliyependelea. Kila mtoaji alitazama orodha yake mwenyewe tu, na pale ambapo ofisi ya elimu ya halmashauri haina daftari moja la vifaa vyote vya TEHAMA vilivyopo wilayani, hakuna wa kumwambia mtoaji wa tatu kwamba wawili wamekwisha kupita.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote unahusikaje na shule?

Mfuko huu, unaofahamika zaidi kwa kifupi chake cha UCSAF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kufikisha huduma za mawasiliano mahali ambapo kampuni hazioni faida ya kibiashara. Sehemu ya fedha zake hutokana na tozo inayolipwa na watoa huduma za mawasiliano. Wengi huufahamu kwa minara ya simu vijijini, lakini shule za umma nazo ni sehemu ya kazi yake, kwa hoja kwamba mnara bila watu wanaojua kutumia mtandao ni nusu ya huduma. Mgawo wake uliozoeleka kwa shule ni kompyuta tano na printa moja, na pamoja na vifaa hivyo umekuwa ukigharimia mafunzo ya TEHAMA kwa walimu wa shule za umma.

Kompyuta tano zinaweza kufanya nini katika shule yenye mamia ya wanafunzi?

Tufanye hesabu. Darasa la wanafunzi 45 likigawanywa kwa kompyuta tano, kila moja itazungukwa na wanafunzi tisa. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Hata kama mwalimu hakupoteza dakika moja kuwasha mashine na kuita majina, kila mwanafunzi atashika kibodi kwa muda usiozidi dakika nne na nusu, na wengine wanane watabaki kuchungulia juu ya mabega yake. Darasa likiwa na wanafunzi 80, jambo ambalo si geni, hesabu hiyo inaacha kuwa na maana.

Hata hivyo si kweli kwamba kompyuta tano hazifai kitu. Zinafaa kwa kikundi kidogo kinachosoma kompyuta kama somo la mtihani, kwa klabu ya wanafunzi wanaopangiwa zamu baada ya masomo, na kwa walimu wanaoandaa mitihani na kujaza taarifa za shule kwenye mifumo ya serikali. Ikiwa pana projekta, kompyuta moja inaweza kufundishia darasa zima. Kosa hutokea pale shule inapotangaza kwamba wanafunzi wake wote sasa wanasoma kompyuta, na mzazi akaamini, wakati ukweli ni kwamba mashine nne zimewekwa ofisini na ya tano haina waya wa umeme.

Kipimo tunachopendekeza kwa kamati ya shule ni saa ambazo mwanafunzi mmoja aliketi mbele ya kompyuta katika muhula. Daftari la zamu lenye jina, tarehe na muda, likijazwa na wanafunzi wenyewe mlangoni, hutosha kabisa kupata takwimu hiyo, nalo ni ushahidi mzuri kuliko picha ya makabidhiano siku shule itakapoomba mashine nyingine.

Vigezo vya kuchagua shule ni vipi, na je, vina haki?

Watoaji hutofautiana kwa maneno, lakini wote huuliza mambo yanayofanana: Je, shule ina umeme? Ina chumba chenye mlango imara, dari na nondo madirishani? Ina mlinzi? Ina mwalimu anayeweza kuzitumia na kuzifundishia? Baadhi huongeza idadi ya wanafunzi na upatikanaji wa mtandao wa simu.

Hakuna anayeweza kukataa kwamba ni vigezo vya busara. Kompyuta ya mezani katika chumba kisicho na umeme ni sanduku la vumbi, na mtoaji anayesimamia fedha za umma ana haki ya kuogopa swali la mkaguzi. Lakini ukivitazama kwa pamoja, utaona vinapima jambo moja tu, nalo ni jinsi shule ilivyokwisha kufanikiwa. Shule yenye umeme, chumba, mlinzi na mwalimu wa TEHAMA mara nyingi iko mjini au makao makuu ya wilaya, wazazi wake wana simu janja nyumbani, na huenda tayari ina kompyuta kadhaa. Shule iliyo mbali hushindwa swali la kwanza, na kwa kushindwa huko haifikiwi hata na maswali yanayofuata. Mwaka unaofuata hali ni ileile, isipokuwa pengo limeongezeka. Aliyenacho huongezewa.

Suluhisho si kufuta vigezo, kwa sababu kupeleka mashine mahali zitakapoharibika hakumsaidii mtoto wa kijijini. Linalowezekana ni kubadilisha namna ya kuvitumia. Badala ya kuuliza kama shule ina umeme na kuivuka ikikosa, halmashauri inaweza kuorodhesha kila shule pamoja na kile inachokosa, kisha ikapeleka kwanza kile kinachokosekana: hapa nguzo tatu za umeme, pale nondo na dari, kwingine uhamisho wa mwalimu mmoja. Kompyuta zifuate baadaye. Kwa utaratibu huo shule ya mbali huwa kwenye foleni inayosogea, tofauti na sasa ambapo husimama nje ya foleni. Ni kazi inayochosha, haina hafla wala utepe wa kukata, na pengine ndiyo sababu haipendwi sana.

Kwa nini shule za sekondari hupata kabla ya shule za msingi?

Sababu kubwa ni idadi. Tanzania ina shule za msingi za serikali zaidi ya 17,000 na za sekondari zaidi ya 4,000, hivyo fedha ileile huonekana kwa haraka zaidi sekondari. Aidha, kompyuta ni somo la mtihani wa taifa katika sekondari. Sera ya mwaka 2007 ya TEHAMA kwa elimu ya msingi, kwa maana pana inayojumuisha pia sekondari, ilikusudia ngazi zote, na mitaala iliyoanza kutekelezwa Januari 2024 imeongeza uzito wa stadi za kidijiti tangu madarasa ya chini, lakini vifaa bado huelekea zaidi juu.

Vishikwambi vya sensa viliishia wapi?

Vishikwambi vilivyotumiwa na makarani katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022 vilielekezwa kwenye sekta ya elimu baada ya kazi hiyo, na ugawaji wake kwa walimu wa shule za umma ulianza mwishoni mwa mwaka huohuo. Ni mfano wa aina yake. Serikali ilinunua kifaa kwa kazi ya wiki chache, kisha ikakipangia kazi ya miaka, na kwa kuwa makarani walisambaa katika kila kitongoji na mtaa wa nchi, idadi ya vifaa ilikuwa kubwa kuliko ambayo mradi wowote wa elimu ungethubutu kuomba.

Mambo mawili huchanganywa hapa. Kwanza, vishikwambi hivyo vilikusudiwa walimu, kwa ajili ya kuandaa masomo, kusoma vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania na kushiriki mafunzo kazini. Havikukusudiwa kuwa vifaa vya wanafunzi, hivyo mzazi asivihesabu kama kompyuta za shule. Pili, kukabidhiwa si kumilikishwa. Kifaa ni mali ya umma chenye namba yake, na mwalimu anayehama au kustaafu anapaswa kufuata maelekezo ya mwajiri wake kuhusu makabidhiano badala ya kuondoka nacho kimyakimya.

Kenya iliahidi kompyuta kwa kila mtoto. Tunajifunza nini huko?

Mengi, na si yote ni ya kusikitisha. Katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta mpakato, ambazo Wakenya wengi huziita vipakatalishi, kwa watoto wa darasa la kwanza katika shule za umma. Zabuni ya kwanza, yenye thamani iliyokaribia shilingi za Kenya bilioni 25, ilipewa kampuni ya India, kisha ikabatilishwa mwaka 2014 na bodi inayosikiliza rufaa za zabuni. Mpango ukasukwa upya chini ya Mamlaka ya TEHAMA ya nchi hiyo. Badala ya kompyuta mpakato, wanafunzi wakapangiwa vishikwambi, na kazi ya kuvipata ikagawanywa kati ya makundi mawili: Chuo Kikuu cha Moi pamoja na JP Sá Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pamoja na Positivo BGH ya Amerika Kusini. Mwaka 2016 walianza na shule 150 za majaribio. Hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja vilifikishwa katika shule za msingi zaidi ya 20,000.

Jambo ambalo Wakenya walilifanya vizuri, na ambalo halisemwi sana, ni kwamba umeme ulitangulia. Wakala wa umeme vijijini ulipewa jukumu la kuunganisha shule za msingi za umma nchi nzima, zile za mbali kwa nguvu ya jua, na umeme huo ukabaki hata pale vifaa vilipozeeka. Vilevile kila shule ilipelekewa mzigo uliokamilika: vishikwambi vya wanafunzi, kompyuta mpakato za walimu, projekta, na seva ndogo yenye masomo ndani yake ili darasa lisitegemee intaneti.

Palipolegea ni baada ya kupokea. Hesabu ilipigwa kwa darasa la kwanza, lakini watoto hupanda darasa kila mwaka na idadi yao hubadilika. Vifaa vilivyotosha mwaka huu havikutosha uliofuata. Taarifa za wizi zilianza mapema. Katika shule nyingi walimu wakuu, kwa kuogopa kuwajibishwa kifaa kikipotea, walivifungia kabatini, na hapo mtu hawezi kumlaumu mwalimu mkuu peke yake, kwa kuwa utaratibu ulimwadhibu kwa kifaa kilichoibwa na haukumuuliza kuhusu kifaa kisichotumika. Mjadala baadaye ukaegemea kwenye maabara ya pamoja ya shule badala ya kifaa cha kila mtoto, yaani mahali ambapo Tanzania ilikuwa imeanzia, ingawa kwa vifaa vichache.

Shule yetu haina umeme wa TANESCO. Je, sola inatosha?

Inategemea aina ya mashine mtakazopewa, na ni muhimu mseme hivyo mapema kwa mtoaji. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake hula takriban wati 120. Kompyuta mpakato hula wati 45 au pungufu. Ishirini za mezani zikifanya kazi saa nne kwa siku zitatumia karibu uniti 9.6, na mpakato ishirini kwa muda huohuo zitatumia karibu uniti 3.6. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa paneli na, zaidi ya yote, betri, ambazo ni ghali na hufa kabla ya paneli. Kwa bahati nzuri shule hutumia kompyuta mchana, wakati jua lipo, hivyo mfumo uliopangwa kwa matumizi ya asubuhi hadi alasiri hauhitaji betri kubwa kama ule wa zahanati inayowasha taa usiku kucha. Shule isiyo na gridi iombe mpakato, hata kama zitakuwa chache.

Je, kompyuta bila intaneti zina faida?

Ndiyo. Uchapaji, majedwali, uchoraji, misingi ya kuandika programu na utunzaji wa mafaili havihitaji mtandao. Vitabu vya kiada vilivyo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania vinaweza kupakuliwa mahali penye mtandao na kuletwa shuleni, na seva ndogo yenye ukubwa wa kitabu inaweza kubeba ensaiklopidia nzima na kuisambaza chumbani bila bando. Shule inayosubiri intaneti ndipo ianze kufundisha kompyuta inajichelewesha bure.

Mhisani wa nje anataka kutuletea kompyuta zilizotumika. Tupokee?

Pokeeni, lakini ulizeni kwanza. Swali la kwanza ni umri wake. Tangu Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, na kompyuta nyingi zinazotolewa bure huko Ulaya na Marekani zinatolewa kwa sababu hiyohiyo, yaani haziwezi kupokea Windows 11. Hazijafa. Zikiwekewa Linux, mfumo endeshi mwingine unaopatikana bure, hufanya kazi vizuri kwa miaka kadhaa, ila lazima awepo mtu wa kuuweka na mwalimu aliyekubali kuufundishia.

La pili ni umeme. Marekani hutumia volti 120, Tanzania 230. Vipo visanduku vya kompyuta vya zamani vyenye swichi ndogo nyekundu nyuma. Ikiwa imeachwa kwenye 115 na mtu akachomeka ukutani, kitasikika kishindo kimoja na msaada utakuwa umeishia hapo. Plagi nazo hazifanani na zetu, na adapta za bei rahisi huungua.

La tatu ni gharama ambazo neno bure halizitaji: usafiri wa baharini, wakala wa forodha, utunzaji bandarini, lori hadi shuleni. Mara nyingi jumla yake ingeweza kununua kompyuta chache zilizokaguliwa hapahapa nchini. La nne, kataeni shehena ya mashine mbovu zinazoletwa kwa ahadi ya kuchomolewa vipuri. Kwa Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaodhibiti usafirishaji wa taka hatari, hizo ni taka za kielektroniki, na tangu Januari 1, 2025 usafirishaji wa taka zote za aina hiyo kati ya nchi wanachama unahitaji ridhaa ya nchi inayopokea.

Jambo dogo la mwisho ambalo huwasumbua walimu wengi: kompyuta ya zamani ikionyesha tarehe ya miaka mingi nyuma kila inapowashwa, na tovuti zikakataa kufunguka, tatizo si virusi. Mara nyingi ni betri ya duara iliyo ndani yake, aina ya CR2032, ambayo huuzwa kwa bei ndogo katika maduka ya vifaa vya umeme.

Kompyuta zikishafika, ni mali ya nani?

Ni mali ya umma iliyo chini ya halmashauri, hata kama ilitolewa na mtu binafsi, na mkuu wa shule ndiye mtunzaji. Inapaswa kuandikwa alama ya utambulisho, kuingizwa kwenye leja ya vifaa pamoja na namba ya kiwandani, na kuonekana kwenye orodha ya mali za halmashauri. Hati ya makabidhiano iseme wazi kama mtoaji aliweka sharti lolote. Kuhamisha mashine kwenda shule nyingine, hata kwa nia njema, kunahitaji barua kutoka kwa mkurugenzi, na kifaa kilichochakaa hakitupwi wala hakiuzwi na shule. Hufutwa kwenye orodha kwa utaratibu wa serikali wa kuondosha mali. Ndiyo sababu vyumba vingi vina rundo la skrini nene za zamani ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa.

Zikiibiwa?

Ripotini polisi siku hiyohiyo na mpate namba ya taarifa, kisha mwandikieni mkurugenzi. Bila namba za kiwandani zilizoandikwa mapema, polisi hawana cha kutafuta.

Zikiharibika, nani hulipa?

Hapa ndipo mipango mingi hukwama, maana mtoaji hutoa mara moja na matengenezo ni ya kila mwaka. Fedha ya ruzuku ya uendeshaji imepangwa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Sekondari yenye wanafunzi 500 ina shilingi 12,500,000 kwenye karatasi, na sehemu yake hutengwa kwa ajili ya vitabu. Katika kinachobaki mkuu wa shule anunue chaki, karatasi za mitihani, sabuni na umeme wa LUKU, na akarabati madawati. Kompyuta ikifa kifaa chake cha ndani cha kupokea umeme, itasubiri.

Halmashauri zina maofisa TEHAMA, lakini ofisa huyo ndiye anayetazama pia mifumo ya mapato, hospitali na ofisi za kata, na mara nyingi hana usafiri wa kuzungukia shule. Kwa maoni yetu, mtoaji yeyote anayetoa kompyuta ishirini angesaidia zaidi kwa kutoa kumi na sita na kuacha bei ya nne zilizobaki kama fedha ya fundi kwa miaka mitatu. Pale ambapo hilo halikufanyika, shule jirani zinaweza kukubaliana kumlipa fundi mmoja kwa mwaka, kupitia kata, badala ya kila moja kumwita kwa dharura. Mwanafunzi wa zamani aliyesomea ufundi wa kompyuta VETA ni hazina inayosahaulika.

Vipi kuhusu wanafunzi wenye ulemavu?

Mwanafunzi asiyeona hahitaji kompyuta ya pekee. Anahitaji programu inayosoma maandishi kwa sauti, vipokea sauti vya masikioni na mwalimu anayeijua. Programu ya NVDA hupatikana bila malipo, na sauti ya Kiswahili imo katika kiunda sauti kinachokuja nayo, ingawa matamshi yake ni ya mashine hasa na masikio huchukua siku kadhaa kuyazoea. Printa ya nukta nundu, kwa upande mwingine, ni ghali, na inafaa zaidi iwekwe katika shule moja inayohudumia nyingine kadhaa. Shule jumuishi zikumbuke kutaja wanafunzi hawa katika maombi, kwa sababu fomu nyingi hazina nafasi ya kuwauliza.

Mzazi anawezaje kujua shule imepokea nini?

Aanze na kikao cha wazazi, kisha kamati au bodi ya shule, ambayo ina haki ya kuiona leja. Asipopata jibu, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia nafasi ya kuomba kwa maandishi kutoka kwa ofisi ya umma, nayo hupaswa kujibu ndani ya siku 30. Barua iwe fupi na iulize jambo linalojibika: idadi, aina, tarehe ya kupokelewa, mtoaji, na ngapi zinafanya kazi leo. Swali la mwisho ndilo lenye uzito, kwa sababu ripoti nyingi hutaja zilizogawiwa tu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo huwekwa wazi kila mwaka baada ya kuwasilishwa bungeni, ni mahali pengine pa kutazama.

Ombi la shule liandikwe vipi ili lisikilizwe?

Barua ya mkuu wa shule ipitie kwa ofisa elimu kata na ofisa elimu wa halmashauri, ili ombi liingie kwenye daftari la wilaya hata kama mtoaji aliyelengwa atakataa. Itaje idadi ya wanafunzi, kompyuta zilizopo zinazofanya kazi na zisizofanya kazi, hali ya umeme na chumba, jina na cheo cha mwalimu atakayesimamia, na ratiba ya matumizi iliyokwisha kuandaliwa. Picha ya chumba yenyewe husaidia kuliko aya tatu za kueleza umuhimu wa teknolojia duniani, ambazo kila ombi linazo. Msifiche kasoro. Shule inayosema dari bado, lakini wananchi wameshachangia mbao, huaminika kuliko ile inayodai kila kitu kipo, kisha gari la vifaa likafika na kukuta mbuzi wamelala chumbani.

Siku ya kupokea tufanye nini?

Awepo mkuu wa shule au msaidizi wake aliyepewa mamlaka kwa maandishi, mjumbe mmoja wa bodi au kamati, na mwalimu wa TEHAMA. Fungueni kila boksi kabla ya kusaini, hesabuni nyaya pamoja na mashine, na washeni kila kompyuta, hata kama dereva ana haraka na mgeni rasmi anasubiri kupigwa picha. Yoyote isiyowaka iandikwe kwenye hati ileile ya kupokelea, mbele ya aliyeileta, naye asaini. Ikiwa umeme umekatika siku hiyo, andikeni kwamba vifaa vimepokelewa bila kujaribiwa, na kubalianeni tarehe ya kuvijaribu.